Mpira Uliokwisha Kupigwa Unasukumwa na Nini?

Mshambuliaji amepiga penalti. Mguu umekwisha kuachana na mpira, na mpira uko hewani, nusu ya njia kuelekea golini. Mwambie mwanafunzi wa darasa la saba au wa kidato cha kwanza achore kani zote zinazoufanyia kazi mpira huo kwa wakati huo. Atachora mshale wa uzito unaoelekea chini. Akiwa makini atachora na mshale mdogo wa hewa inayoupinga mpira. Kisha, bila kusita, atachora mshale mrefu unaoelekea golini na kuuita kani ya teke.

Mshale huo wa tatu haupo. Kani ya teke ilikwisha palepale mguu ulipoachana na mpira. Tangu hapo hakuna kinachousukuma mpira mbele, na bado unakwenda. Mtu akilielewa jambo hili moja, sheria tatu za mwendo alizoziandika Isaac Newton zitamkaa kichwani bila shida. Asipolielewa anaweza kuzikariri zote tatu neno kwa neno na bado akakosa swali jepesi kabisa. Kwa sababu hiyo tutakaa hapa kwa muda kabla ya kufika kwenye hesabu.

Tuanze na kani yenyewe. Kani ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja kinakifanyia kitu kingine. Shika hapo kwenye "kimoja" na "kingine". Kani haikai ndani ya kitu wala haibebwi njiani. Lazima kuwe na anayesukuma na anayesukumwa, kwa wakati huohuo. Sasa utazame tena mpira ulioko hewani. Nani anaugusa? Hewa peke yake. Nani anauvuta bila kuugusa? Dunia, na inauvuta kuelekea chini. Umtafute anayeusukuma kuelekea golini, hutampata, na kama mwenye kusukuma hayupo, kani nayo haipo.

Ukiona ajabu, si wewe wa kwanza. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kila kinachokwenda kinahitaji kitu cha kukiendesha, na kikikosa, kinasimama. Kwa mshale uliokwisha kutoka kwenye upinde ilimbidi aseme kwamba hewa ndiyo inayousukuma. Watu walilishika fundisho hilo kwa karne nyingi, nami siwalaumu, kwa sababu macho yetu yanaliunga mkono kila siku. Acha kusukuma toroli, linasimama. Acha kukanyaga pedali za baiskeli, baada ya muda unasimama.

Kinachotudanganya ni msuguano. Toroli halisimami kwa sababu umeacha kulisukuma. Linasimama kwa sababu matairi, ekseli na mchanga wa barabarani vinaendelea kulisukuma nyuma wakati wewe umekwisha kuondoa mkono. Ulipokuwa ukisukuma, sehemu kubwa ya nguvu zako ilikuwa inatumika kushindana na msuguano huo tu. Punguza msuguano uone: mpira uleule unaofika mita chache kwenye mchanga wa ufukweni utakwenda mbali zaidi kwenye udongo ulioshindiliwa, na mbali zaidi kwenye sakafu ya saruji. Teke ni lilelile. Kilichobadilika ni kizuizi.

Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliandika kwamba kitu kilichorushwa mahali patupu kabisa, pasipo na cha kukizuia, kisingekuwa na sababu ya kusimama. Galileo Galilei, aliyezaliwa Pisa mwaka 1564, alilifuata wazo la namna hiyo kwa kuviringisha vitufe kwenye mbao zilizoinama. Kitufe kilichoteremka ubao mmoja kilipanda ubao wa pili karibu kufikia kimo kilekile kilikoanzia. Alipoulaza ubao wa pili zaidi, kitufe kilikwenda mbali zaidi kukitafuta kimo hicho. Hapo Galileo akajiuliza: ubao wa pili ukiwa umelala kabisa, bila mwinuko wowote na bila msuguano, kitufe kitasimama wapi? Hakuna pa kusimama. Kitaendelea tu.

Newton alilichukua jambo hilo na kuliweka mwanzoni mwa kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1687, kwa Kilatini, kwa gharama za rafiki yake Edmond Halley. Ndiyo sheria ya kwanza: kitu kilichotulia kitabaki kimetulia, na kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, isipokuwa kama kuna kani inayokilazimisha kubadilika. Tabia hii ya vitu kubaki na mwendo vilio nao inaitwa inesha. Chombo cha anga cha Voyager 1 kilirushwa tarehe 5 Septemba 1977. Leo kinakwenda takribani kilomita 17 kila sekunde kikizidi kuliacha Jua nyuma, na hakuna injini inayokisukuma mbele. Huko kiliko, hewa ya kukizuia haipo.

Ndani ya daladala

Sheria ya kwanza inaonekana vizuri zaidi ndani ya daladala iliyojaa. Dereva anakanyaga breki ghafla na abiria waliosimama wanakwenda mbele wote kwa pamoja. Tunasema wamerushwa mbele. Lakini mtafute aliyewarusha. Hayupo. Abiria walikuwa wakienda kwa kasi ya gari. Breki zimelipunguzia gari kasi, hazikumpunguzia abiria. Miguu yake imepunguzwa kasi na sakafu inayoikamata, kiwiliwili hakijapata cha kukizuia, basi kinaendelea na safari yake ileile mpaka kikutane na bomba, kiti au mgongo wa jirani. Gari likiondoka ghafla mambo yanakuwa kinyume: gari limekwenda, mwili umebaki ulipokuwa, na tunaona kama tumevutwa nyuma.

Kwenye kona ni vivyo hivyo. Basi linalopanda Mlima Kitonga kwenda Iringa likikata kona kuelekea kulia, abiria wanahisi wanasukumwa kushoto. Ukweli ni kwamba miili yao inataka kwenda moja kwa moja, na basi ndilo linalopinda chini yao. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita: kubadili uelekeo nako ni kubadili mwendo, hata kama mshale wa spidi haujatikisika. Kwa hiyo kona inahitaji kani, na kani hiyo inatoka kwenye msuguano wa matairi na lami, ikilisukuma basi kuelekea upande wa ndani wa kona. Matairi yakiwa vipara na barabara ikiwa imelowa, kani hiyo inakuwa ndogo. Basi halipindi vya kutosha, linafuata mstari wake ulionyooka, na mstari huo unaelekea korongoni.

Je, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, bila kuongeza wala kupunguza, lina kani inayolisukuma? Linazo kani, tena kubwa. Injini inayazungusha magurudumu na gari linasukumwa mbele; hewa na msuguano vinalisukuma nyuma. Ila zinalingana, zimefutana, na jumla yake ni sifuri. Jumla ya kani ikiwa sifuri, mwendo haubadiliki, na kutobadilika ndiko kwenda kilomita 80 vilevile. Watu husikia "jumla ya kani ni sifuri" wakadhani kitu kimesimama. Hapana. Maana yake ni kwamba hakuna kinachobadilika: kilichosimama kimesimama, kinachokwenda kinakwenda.

Kani inapozidi

Sheria ya pili inajibu swali linalofuata: jumla ya kani isipokuwa sifuri, mwendo unabadilika kwa kiasi gani? Kiasi hicho cha kubadilika kwa kasi katika kila sekunde kinaitwa mchapuko. Gari lililokuwa likienda mita 5 kwa sekunde likafika mita 7 baada ya sekunde moja lina mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Newton alionyesha kwamba mchapuko unapatikana kwa kuchukua jumla ya kani na kuigawanya kwa tungamo la kitu. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nalo hupimwa kwa kilo. Kani hupimwa kwa kipimo kilichopewa jina lake, nyutoni: nyutoni 1 ni kani inayokipa kitu cha kilo 1 mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde.

Tupige hesabu moja. Kijana anasukuma mkokoteni wenye tungamo la kilo 50 pamoja na mzigo, kwa kani ya nyutoni 100. Msuguano unaupinga kwa nyutoni 40. Jumla ya kani ni 100 kutoa 40, yaani nyutoni 60. Gawanya kwa 50 unapata mchapuko wa mita 1.2 kwa sekunde kila sekunde. Baada ya sekunde 3 mkokoteni unakwenda mita 3.6 kwa sekunde, kasi ya mtu anayekimbia polepole.

Sasa tajiri anamwongezea mzigo mpaka kilo 100. Wanafunzi wengi watajibu haraka: tungamo limekuwa maradufu, basi mchapuko ni nusu, mita 0.6. Subiri kwanza. Mkokoteni ulio mzito maradufu unaikandamiza ardhi maradufu, na msuguano nao unapanda hadi karibu nyutoni 80. Kijana bado anasukuma kwa 100. Jumla ya kani iliyobaki ni nyutoni 20 tu, na 20 gawanya kwa 100 ni 0.2. Mchapuko umeshuka mpaka moja ya sita. Hii ndiyo sababu wasukuma mikokoteni huitana kusaidiana pale mwanzo, mzigo unapotakiwa kung'oka, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba katika sheria ya pili usiweke kani uliyoisikia kwanza kwenye swali. Weka jumla, baada ya kutoa vizuizi vyote.

Sheria hiyohiyo inatenganisha vitu viwili tunavyovichanganya sokoni, tungamo na uzito. Uzito ni kani, ni mvuto wa dunia kwa kitu. Hapa duniani kila kilo moja inavutwa kwa nyutoni 9.8 hivi. Mtu mwenye tungamo la kilo 60 ana uzito wa nyutoni 588. Mpeleke mwezini, ambako mvuto ni kama moja ya sita ya huu wetu, uzito wake utakuwa chini kidogo ya nyutoni 100, lakini kilo zake ni 60 zilezile. Hakuna nyama iliyopungua mwilini mwake.

Na hapo ndipo linapopatikana jibu la swali la siku nyingi: jiwe la kilo 10 na jiwe la kilo 1 yakiachiwa pamoja, lipi linafika chini kwanza? La kilo 10 linavutwa kwa nyutoni 98, mara kumi zaidi. Lakini pia ni gumu mara kumi zaidi kulibadilishia mwendo. Gawanya 98 kwa 10, gawanya 9.8 kwa 1: jibu ni lilelile, na yanafika pamoja. Unyoya huchelewa kwa sababu ya hewa peke yake. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa chombo cha Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya wa kozi kwa wakati mmoja juu ya uso wa mwezi, ambako hakuna hewa, mbele ya kamera ya televisheni. Vilitua pamoja.

Niruhusu nibaki barabarani kidogo, maana sheria ya pili ni suala la uhai kabla ya kuwa suala la mtihani. Gari zuri, matairi mazima, lami kavu: breki kali huweza kupunguza kasi kwa takribani mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambazo ni karibu mita 14 kwa sekunde, gari litahitaji sekunde 2 na mita kama 14 kusimama. Kwa kilomita 100 kwa saa litahitaji sekunde 4, na ndani ya sekunde hizo lina wastani wa kasi uliokuwa maradufu pia, hivyo linakula mita kama 56. Kasi imezidi mara mbili, umbali umezidi mara nne. Ongeza sekunde moja ya dereva kuona hatari na kuhamisha mguu: jumla ni mita 28 kwa yule wa kwanza na mita 84 kwa wa pili. Mtoto anayevuka barabara mita 40 mbele ya gari atapona kwa yule wa kwanza. Wa pili hata breki zitakuwa zimeanza kushika juzijuzi tu.

Kwenye ajali yenyewe kinachoamua ni muda. Kadiri unavyosimamishwa kwa muda mfupi zaidi, ndivyo mchapuko wa kukusimamisha unavyokuwa mkubwa zaidi, na kani vivyo hivyo. Abiria wa kilo 60 anayekwenda mita 14 kwa sekunde akisimamishwa na mkanda ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde anapata kani ya nyutoni 8,400, iliyosambaa kifuani na kiunoni. Akisimamishwa na dashibodi ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde, ni nyutoni 84,000, tena mahali padogo. Helmeti ya bodaboda inafanya kazi hiyohiyo: povu lake la ndani linabonyea, na kubonyea huko kunanunua muda.

Na mtoto aliyepakatwa? Mtoto wa kilo 10, kwa kasi hiyohiyo na kwa muda huohuo wa mkanda, anahitaji kani ya nyutoni 1,400 ili asimame pamoja na mama. Ni sawa na kunyanyua zaidi ya kilo 140 ghafla, bila kujiandaa. Upendo wa mama ni mkubwa, lakini mikono ya binadamu haiwezi kani hiyo. Kila anayempakata mtoto kwenye kiti cha mbele anapaswa kuijua hesabu hii.

Punda na mkokoteni

Sheria ya tatu ndiyo inayokaririwa kwa wepesi kuliko zote na kueleweka kwa shida kuliko zote: kitu kimoja kikikisukuma kingine, hicho kingine nacho kinakisukuma cha kwanza kwa kani ileile, kwa uelekeo ulio kinyume.

Mwanafunzi anayefikiri atauliza mara moja: punda anauvuta mkokoteni mbele, mkokoteni unamvuta punda nyuma kwa kani hiyohiyo. Si zinafutana? Wanaondokaje?

Hazifutani, kwa sababu haziko kwenye kitu kimoja. Kani moja inaufanyia kazi mkokoteni, nyingine inamfanyia kazi punda. Ukitaka kujua kama mkokoteni utaondoka, hesabu kani zinazougusa mkokoteni peke yake: mvuto wa punda mbele, msuguano nyuma. Wa punda ukizidi, mkokoteni unaondoka. Ukitaka kujua habari za punda, hesabu zinazomgusa punda peke yake: mkokoteni unamvuta nyuma, na ardhi inamsukuma mbele. Ndiyo, ardhi. Punda anaisukuma ardhi nyuma kwa kwato, ardhi inamsukuma punda mbele. Mweke kwenye tope la masika, kwato ziteleze, asiweze kuisukuma ardhi. Ardhi nayo haitamsukuma, na atabaki papo hapo na misuli yake yote. Hata wewe unapotembea, anayekupeleka mbele ni ardhi. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi tarehe 18 Septemba 2021, alianza kwa kuvisukuma nyuma vile vibao vya kuanzia mbio, navyo vikamsukuma mbele.

Kuna mtego mwingine hapa, na mitihani inaupenda. Kitabu kimelala mezani. Uzito wake unaelekea chini, meza inakisukuma juu, na kani hizo mbili zinalingana. Je, ni jozi ya sheria ya tatu? Siyo. Zote mbili zinafanya kazi kwenye kitabu, na jozi ya sheria ya tatu haikai kamwe kwenye kitu kimoja. Ili kuipata jozi ya kweli, itaje kani kwa ukamilifu kisha ugeuze majina. Dunia inakivuta kitabu chini. Geuza: kitabu kinaivuta dunia juu. Meza inakisukuma kitabu juu; geuza: kitabu kinaisukuma meza chini. Ni hivyo hata kwa nazi inayoanguka. Inavutwa na dunia, nayo inaivuta dunia kwa nyutoni zilezile. Dunia haionekani kusogea kwa sababu ya sheria ya pili: nyutoni chache kugawanya kwa tungamo la dunia nzima zinatoa mchapuko mdogo usiopimika.

Roketi nayo inategemea sheria hii, na kwa muda mrefu hata watu wenye elimu waliikosea. Januari 1920 gazeti la The New York Times lilimbeza mhandisi Robert Goddard likisema roketi haiwezi kufanya kazi angani, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kuisukuma. Gazeti lilisahihisha kauli hiyo tarehe 17 Julai 1969, wakati Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini. Roketi haiisukumi hewa iliyo nje wala ardhi. Inazisukuma gesi zake yenyewe kuelekea nyuma kwa kasi kubwa, na gesi hizo zinaisukuma roketi mbele. Hewa ya nje haina kazi katika jambo hilo zaidi ya kuizuia.

Hapa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mitambo ya Waitaliano iliyosimama baharini karibu na Malindi. Eneo hilo liko karibu na ikweta. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapo ikweta uso wake unakwenda kasi kuliko mahali pengine popote. Kila kilichosimama pale, jukwaa, roketi na mafundi wake, kinakwenda nao. Roketi ilipoondoka, kasi hiyo haikupotea, kwa sababu hakukuwa na kani ya kuiondoa. Ilianza safari yake ikiwa tayari inakwenda mashariki zaidi ya mita 460 kila sekunde, bila kuchoma hata gramu moja ya fueli kwa ajili ya mita hizo.